Depo ilivimba tumbo: kujenga kwa vifaa vya kuchanganya



Safari hii tunazungumza juu ya depo. Si namna ya kutunza mahindi na maharage ndani yake, maana hiyo tulishaiandika mara nyingi, lakini namna depo yenyewe inavyosimama. Naanza na habari niliyoiona kwa macho yangu.

Koperative moja ya upande wa Masisi ilijenga depo kwa nguvu ya wanamemba. Mawe waliyabeba kwa kichwa, mikalitusi ilitoka kwenye mashamba yao, udongo ulichimbwa palepale. Simenti ilikuwa kidogo, wakaitumia kwa kupaka ukuta upande wa nje, na depo ikaonekana kama ni ya beto tupu. Watu walifurahi. Mavuno ya sezo A yalipofika, mifuko ilikosekana, basi wakamwaga mahindi ndani hivihivi, mpaka karibu kimo cha mtu. Wiki ya tatu mzee anayelinda akatuambia: «Ukuta iko navimba tumbo.» Tukaenda kuangalia. Kweli, katikati ya ukuta mrefu kulikuwa na tumbo, na ile simenti ya nje ilikuwa imepasuka kutoka juu mpaka chini. Tukasema tutahamisha mahindi kesho. Usiku mvua ikanyesha, ukuta ukalala.

Hakuna aliyeumia, tunashukuru Mungu. Lakini mahindi yaliloa, yakashika ukungu, na wale waliokuwa wanangoja bei ipande ili walipe masomo ya watoto wakauza kwa bei ya chakula cha kuku.

Wengi walimlaumu masoni. Wengine walisema udongo wa pale ni mbaya. Mimi nafikiri udongo haukuwa na kosa, na miti haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwamba kila kifaa kilipewa kazi ambayo si yake. Na hilo ndilo jambo la kuelewa kila tunapojenga kwa kuchanganya vitu viwili au vitatu.

Angalieni chukudu

Chukudu kila mtu anaijua, kutoka Goma mpaka Kitchanga. Gurudumu lake ni la mbao ngumu, na juu ya mbao kimefungwa kipande cha mupira wa gari la zamani. Mbao peke yake ingepasuka upesi kwenye mawe ya lava. Mupira peke yake hauwezi kubeba mzigo, ungejikunja. Lakini mbao inabeba, mupira unapokea mapigo, na misumari inavishika viwili visiachane. Ukitoa kimoja, hakuna gurudumu.

Hicho ndicho tunaita kifaa cha kuchanganya: vitu viwili vyenye tabia tofauti, vimefungwa pamoja, na vikiwa pamoja vinafanya kazi ambayo hakuna hata kimoja kingeiweza. Nyumba ya miti na udongo ni hivyo. Tofari lenye majani ndani ni hivyo. Beto yenye vyuma ni hivyo. Hata mti wenyewe Mungu ameuumba hivyo: nyuzi ndefu zilizoshikanishwa na kitu kama gundi. Ndiyo maana mbao inapasuka kirahisi ukiipiga shoka kwa kufuata nyuzi, lakini kuikata kwa kukingama ni jasho.

Kusukuma na kuvuta

Kata fimbo mbichi ya mukalitusi, uikunje polepole. Tazama vizuri. Upande wa nje wa kona nyuzi zinanyooka mpaka zinakatika. Upande wa ndani ganda linakunjamana. Fimbo ni moja, lakini upande mmoja unavutwa na mwingine unakandamizwa. Kila kitu kinachopinda kinafanya vile: mbao ya darini, linto ya juu ya mlango, ukuta unaosukumwa.

Sasa, vifaa vyetu havifanani. Udongo, tofari, jiwe na beto vinapenda kukandamizwa. Weka uzito juu yake, vitavumilia. Lakini vivute kidogo tu, vinapasuka. Nguvu ya beto ya kuvumilia kuvutwa ni karibu sehemu 1 kwa 10 ya nguvu yake ya kuvumilia kukandamizwa. Chuma, waya, mwanzi, miti na nyuzi za majani, hivyo vinapenda kuvutwa.

Basi, kabla ya kuuliza «tutumie nini?», ulizeni kwanza «wapi patavutwa?» Pale patakapovutwa, wekeni kitu kinachopenda kuvutwa. Linto ya beto ya juu ya mlango inapinda kwenda chini, kwa hiyo upande wake wa chini ndio unavutwa, na vyuma lazima viwe chini. Nimeona masoni anaweka vyuma katikati «ili vifunikwe vizuri». Vyuma vya katikati ni karibu sawa na hakuna. Na ile baraza iliyotokeza nje bila nguzo ni kinyume: inaanguka kwa mbele, sehemu yake ya juu ndiyo inavutwa, na vyuma vinapanda juu. Chuma kilekile, simenti ileile, lakini ukibadilisha mahali unabadilisha kila kitu.

Hapa kuna kisa ambacho sisi wakulima tunapaswa kukipenda. Beto yenye chuma haikuanza na mainjinia peke yao. Mfaransa mmoja, Joseph Monier, alikuwa mtunza bustani. Alitaka vyungu vikubwa vya kupandia miti, na vyungu vya simenti vilikuwa vinapasuka. Akaweka wavu wa waya ndani ya simenti, vikashika, na mwaka 1867 akaandikisha uvumbuzi wake huko Paris. Alikuwa na bahati pia: chuma na beto vinapopata joto vinapanuka karibu sawa, kwa hiyo haviachani jua likiwaka. Vitu vingine haviko na mapatano ya namna hiyo, tutarudi hapo.

Mahindi yanasukuma kuliko unavyofikiri

Turudie ukuta wetu. Mahindi makavu ya kujaza mita 1 kwa mita 1 kwa mita 1 yana kilo zaidi ya 700. Yakimwagwa bila mifuko, hayakai kimya kama jiwe. Yanateleza, yanataka kutawanyika, na ukuta ndio unayazuia. Kwa hesabu ya karibu, mahindi ya kimo cha mita 1 yanasukuma kila mita moja ya urefu wa ukuta kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 150. Mtu anafikiri kwamba mita 2 zitakuwa kilo 300. Apana. Zinakuwa kilo 600. Ukizidisha kimo mara 2, msukumo unazidi mara 4, kwa sababu lundo ni refu zaidi na pia chini kabisa linabana zaidi.

Ule ukuta ulikuwa na urefu wa mita 8, na mahindi yalifika karibu kimo cha mtu. Hesabuni wenyewe: ni zaidi ya tani 3 zinazosukuma kwenda nje, usiku na mchana. Ukuta ukapinda kwa nje, upande wake wa nje ukavutwa. Na upande wa nje kulikuwa na nini? Simenti ya kupaka, ambayo haipendi kuvutwa hata kidogo. Fito zilikuwa zimepigiliwa nje ya nguzo, kwa hiyo mahindi yalikuwa yanazisukuma ziachane na nguzo, na kilichobaki kuzishika ni misumari tu. Kama fito zingekuwa upande wa ndani, mahindi yangezibana juu ya nguzo, na misumari isingekuwa na kazi kubwa. Mbao ileile, misumari ileile.

Na nguzo zenyewe? Zilizikwa ardhini chini, lakini juu zilikuwa huru. Ukuta wa kushoto ulisukumwa kwenda kushoto, wa kulia kwenda kulia. Kumbe dawa ni rahisi: fungeni kuta hizo mbili, moja kwa nyingine, kwa mti unaopita juu kutoka nguzo ya huku mpaka nguzo ya kule. Kuta zikisukumwa, kila moja inaushika mwenzake. Lakini mti ule unavutwa, kwa hiyo angalieni maungio yake. Msumari uliopigwa kwenye kichwa cha mbao, kwa kufuata nyuzi, unachomoka kama jino bovu. Mti upite kando ya nguzo, ufungwe kwa bulo au kwa waya mnene unaozunguka mara kadhaa.

Jibu la kwanza kabisa, lakini, si la ujenzi. Ni mifuko. Mahindi yaliyo ndani ya mifuko, yakipangwa kwa kupishana kama matofari juu ya palete, yanajishika yenyewe, na mkiacha nafasi ya nusu mita au zaidi kati ya mifuko na ukuta, ukuta haubebi kitu. Kama mko na mifuko ya kutosha, depo ya udongo ya kawaida inatosha. Kama hamna, jengeni kwa hesabu ile ya juu.

Majani ndani ya udongo

Wasomaji wa Biblia wanakumbuka Kutoka sura ya 5, jinsi Farao alivyowanyima Waisraeli majani ya kutengenezea matofari na bado akadai hesabu ileile. Watu walijua zamani sana kwamba tofari la udongo bila majani lina shida. Udongo wa mfinyanzi ukikauka unajikunja, na ukijikunja unapasuka. Majani yanashika pande mbili za ufa mdogo kabla haujawa mkubwa.

Majani mangapi? Hapa hakuna kitabu kitakachowajibu, kwa sababu udongo wa Nyabiondo si udongo wa Mubi. Fanyeni hivi: tengenezeni matofari ya namna 3, moja bila majani, moja lenye majani kidogo, moja lenye majani mengi, yakatwe urefu wa kiganja. Acheni udongo wenye majani ulale siku 2 kabla ya kufyatua. Yakausheni kivulini wiki 2 mpaka 3. Halafu wekeni kila tofari juu ya mawe mawili, mtu mzito apande katikati. Moja litakatika ghafla, lingine litapasuka lakini litashika. Mnataka hilo la pili. Mara nyingi lile la majani mengi kupita kiasi linashindwa pia, maana udongo hautoshi kuyashikanisha.

Tena msiharibu matofari yote matatu kwa kicheko tu, andikeni vipimo. Koperative nyingi zinajaribu mbegu kwenye sehemu ndogo ya shamba kabla ya kupanda hekta nzima, lakini depo ya wanamemba 60 zinaijenga bila kujaribu hata tofari moja.

Vitu visivyopatana

Nilisema kuna vitu vinavyopatana na visivyopatana. Simenti juu ya ukuta wa udongo ni ndoa ngumu. Udongo unavimba kidogo kukiwa na mvua na unajikunja wakati wa kiangazi. Simenti haifuati. Baada ya msimu mmoja au miwili inaachana na ukuta, maji yanaingia nyuma yake na hayana pa kutokea. Ukuta unaoza ndani huku nje unang'aa. Nawaambia ukweli, kwa depo ya udongo napendelea kupaka udongo wenye mchanga na mavi ya ng'ombe, ambayo Masisi haikosi, na kupaka upya kila mwaka. Mkilazimika kutumia simenti, pigilieni kwanza waya wa kuku kwenye fito, ili simenti ishikwe na waya, isitegemee udongo.

Mwanzi ndani ya beto, pia kuna watu wanaushauri badala ya chuma. Mwanzi una nguvu kweli ya kuvutwa, hasa sehemu yake ya nje. Lakini ndani ya beto mbichi unakunywa maji na kuvimba, kisha unakauka na kujikunja, na kati yake na beto kunabaki nafasi. Haushikwi tena. Mwanzi utumieni mahali unapoonekana na kukaguliwa: darini, kwenye fito, kwenye vitanda vya kuanikia. Msiufiche.

Kenya walipata somo la namna hiyo. Katika miaka ya 1980 walitengeneza vigae vya simenti vyenye nyuzi za katani ndani. Vigae vipya vilikuwa vizuri, vyepesi kuliko vya udongo, na vilifanywa na vikundi vidogo bila mashine kubwa. Lakini simenti ina ukali wake unaokula nyuzi za mimea polepole, na baada ya miaka nyuzi hazikuwa na nguvu tena. Watengenezaji wengi baadaye waliacha nyuzi, wakatumia simenti na mchanga uliopimwa vizuri na kutikiswa. Nyuzi zile zilikuwa na faida siku za kwanza, wakati kigae kinakauka. Kwa ukuta wa udongo shida hiyo haipo, udongo hauna ukali ule, na adui wa majani pale ni maji na mchwa.

Masisi si Walikale

Plani iliyochorwa Goma haiwezi kufaa kote. Juu Masisi kuna baridi, upepo na miteremko. Mukalitusi uko kila mahali, ingawa ukitumiwa mbichi unajipinda na kupasuka, kwa hiyo ukatwe na kukaushwa miezi kadhaa kwanza. Kwa wale walio karibu na Sake, mawe ya lava ni msingi mzuri sana. Inueni msingi wa mawe sentimita 40 au 50 kutoka ardhini, na manjanja yatokeze nje ya ukuta karibu sentimita 80, maana mvua ya milimani inakuja na upepo, haishuki moja kwa moja. Upepo pia unainua paa, na hapo paa linavutwa kwenda juu: fungeni miti ya paa kwa waya unaoshuka mpaka kwenye nguzo, msitegemee misumari peke yake.

Walikale ni kitu kingine. Joto, mvua nyingi, mchwa. Nguzo iliyozikwa ardhini, hata ikiwa ngumu, inaliwa pale kwenye usawa wa ardhi, ambapo maji na hewa vinakutana. Mbao za msituni kama kambala zinavumilia zaidi, lakini hata hizo ziwekeni juu ya jiwe au kichwa kidogo cha beto, zishikwe kwa bamba la chuma. Kamba za porini zinafaa kufungia fito, zifungwe zikiwa mbichi au zimelowekwa, na zikaguliwe kila mwaka. Simenti huko inafika imechoka kwa safari. Mfuko wenye mabonge yasiyovunjika kwa vidole, msiutumie kwa kitu kinachobeba uzito.

Simenti ikiwa kidogo, msiipake ukutani kwa kupendeza. Itumieni kwenye shenaji, ule mkanda wa beto unaozunguka kuta zote kwa juu. Mkanda huo unashika kuta zisiachane, kama kamba inavyoshika mzigo wa kuni. Unawekwa juu ya kuta za mawe au matofari, si juu ya fito. Simenti ndoo 1, mchanga ndoo 2, kokoto ndoo 4, na maji kidogo tu: beto inayotiririka kama uji ni dhaifu. Vyuma vifunikwe na beto sentimita 2 na nusu au 3 kila upande, na vile vipete masoni anavyoita etriye visisahauliwe. Pale chuma kinapoungana na kingine vipishane: chuma cha milimita 8 kipishane sentimita 40. Kwenye kona, chuma kikunjwe na kuendelea upande wa pili, kisiishie konani, kwa sababu kona ndipo panapofunguka kwanza. Kisha mwagieni maji siku 7 asubuhi na jioni, hata kama masoni ameshalipwa na kwenda.

Jambo la mwisho la kupanga ni namna depo itakavyovunjika, ikiwa lazima ivunjike. Beto isiyo na chuma na tofari lisilo na majani vinakatika bila kusema. Mti unalia, unapinda, unatoa muda. Ule ukuta ulitupa muda pia, tumbo lilionekana mchana mzima, na sisi tukasema kesho. Depo ikianza kuvimba, mahindi yanatoka siku hiyohiyo, hata usiku, hata kwa kuyamwaga chini ya hema la plastiki.

Ile koperative imejenga upya. Mawe ni yaleyale, na miti mingi pia. Fito ziko ndani ya nguzo, miti 4 inafunga ukuta kwa ukuta, na simenti ya nje haipo. Ndani wamechora mstari mweusi wa makaa kwa kimo cha mita 1, ukizunguka kuta zote, na mzee mlinzi amepewa ruhusa na komite kumrudisha mwanamemba yeyote atakayetaka kumwaga mahindi juu ya mstari huo. Mwezi wa pili alimrudisha prezida mwenyewe.